Yale Niliyoshindwa Kumtafsiria Baba

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana mifugo upande wa Serengeti, na kazi niliyoifanya kuliko zote ilikuwa kuhasi. Serikali ilitaka kila kijiji kiwe na ng'ombe wa plau, na dume zima halifungwi nira likatulia, kwa hiyo kila wiki nilikuwa zizini na koleo langu la chuma. Koleo lile halikati ngozi. Linabana mishipa ya korodani mpaka inakufa, tone la damu halitoki, na baada ya wiki kadhaa kinachobaki ni ngozi tupu inayoning'inia. Nilikuwa hodari wa koleo. Nasema hivyo bila kujionea haya, kwa kuwa haya zipo za kutosha huko mbele.

Wanakijiji walikuwa na lalamiko moja lisilokwisha. Dume likihasiwa likiwa limeshakomaa, kesho yake linapigana vilevile, keshokutwa linapanda majike vilevile. Wakaanza kunong'ona kwamba koleo langu ni bovu, au mimi ndiye mbovu. Ikabidi niwaeleze kama mwalimu wetu wa chuo cha mifugo alivyotueleza sisi. Mwalimu yule alifundisha kwa Kiingereza, lakini akituona tumekodoa macho alihamia Kiswahili na kutunga maneno papo hapo.

Homoni ya kiume, alisema, hutengenezwa kwenye korodani, husafiri ndani ya damu, kisha huingia kwenye seli. Humo ndani kuna kitu kinachoisubiri. Akakiita kipokezi, na ubaoni akachora kigoda. Homoni ni mgeni, na kigoda hicho kimechongwa kwa ajili yake. Mwingine akijaribu kukikalia hakimtoshi. Mgeni akishaketi, yeye na kigoda chake huingizwa chumba cha ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, na huko amri hutolewa: shingo inenepe, nundu ipande, dume litafute ugomvi. Ila mgeni haketi milele. Huinuka akaondoka, na kigoda kikabaki wazi mpaka aje mwingine. Tena yuko mgeni wa pili, aliyegeuzwa kutoka kwa yule wa kwanza, ambaye akiketi hung'ang'ania na haondoki upesi, na huyo ndiye mwenye amri kali zaidi. Basi ukikifunga kiwanda, alisema mwalimu, msitegemee utulivu siku hiyohiyo. Wapo waliokwisha kuketi na wapo walio njiani, na dume lenyewe lina mazoea yake. Ngojeni.

Nililipenda somo lile. Nililirudia vijijini mpaka wazee wakanitania kwamba nafuga vigoda badala ya ng'ombe.

Sasa lazima niseme jambo la kwetu, maana bila hilo mtu ataniona mpumbavu tu, na mimi sikuwa mpumbavu tu. Sisi Wakurya tuna ensoni. Ni heshima, na ni aibu pia, baina ya kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto. Baba na mwanawe hawaonani uchi, na habari za sehemu za siri hazipiti kati yao kwa njia yoyote. Hata mtu wa rika la baba yako ni baba yako, naye huwezi kumwambia hayo. Babu na mjukuu ndio wenye ruhusa. Hao hutaniana mambo ambayo yangemfanya mgeni ainame atazame viatu vyake. Lakini baba na mwana kuna ukuta, na ukuta huo ndio uliotulea.

Baba yangu aliishi Itiryo. Mama alikwisha kufariki zamani, na ndugu yangu mkubwa naye alikufa akaacha mjane na vijana wawili. Watu walipohamishiwa kwenye nyumba za mstari, baba alihama akinung'unika kwamba sasa jirani anasikia hata akikohoa. Zaidi ya hapo hakuwa mtu wa kulalamika. Kwa hiyo niliposikia kwa watu waliotoka mnadani kwamba anaumwa na haendi tena malishoni, nilijua ni jambo zito. Nilichukua Landrover ya idara bila kibali cha mtu nikaenda. Nilimkuta amekaa kitako ukutani, tumbo limevimba chini ya shuka, jasho linamtoka. Mkojo ulikuwa umefunga siku mbili. Hakuniambia hivyo, aliniambia shemeji, yule mjane, naye akaniambia huku akiangalia kuku.

Tulivuka Mto Mara mchana, na kila shimo la barabara nililisikia kwenye meno yangu. Kwenye hospitali ya misheni, upande wangu wa Serengeti, walimpitisha mpira, mkojo ukatoka, na baba akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mkojo ufunge. Nilidhani mambo yamekwisha. Siku mbili baadaye, Jumatatu, daktari akaniita kando ya kitanda.

Daktari alikuwa mgeni kutoka ng'ambo aliyejifunza Kiswahili kizuri kuliko changu, ila Kikurya hakujua hata salamu. Baba naye Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani: rangi ya ng'ombe, umri wake, meno yake. Wauguzi wa zamu walitoka mikoa mingine. Hivyo mkalimani nikawa mimi, na nikafurahi, nikajiona nina faida.

"Mwambie mzee kwamba ana saratani ya tezi dume," daktari alisema, "na imeanza kuingia kwenye mifupa ya mgongo."

Nikamwambia baba kuna uvimbe mbaya unaoziba njia ya maji, na umeanza kugusa mgongo. Mpaka hapo nilikwenda vizuri.

"Uvimbe huu unaishi kwa homoni ya kiume," daktari akaendelea. "Seli zake zina mahali ambapo homoni hushika. Ikishika, uvimbe unakua. Ikiachia na isije nyingine, uvimbe unasinyaa. Mahali pale pa kushikia siwezi kupaondoa. Ninachoweza ni kuondoa homoni, isiwepo ya kushika."

Kabla hajamaliza nilikwisha kujua anakokwenda. Mimi, niliyewaeleza wanakijiji jambo hilohilo huku nikila njugu, nilikuwa nimesimama kati ya daktari na baba yangu kama mtu aliyekanyaga mtego na kuusikia ukijifunga.

"Tutaondoa korodani zote mbili," daktari alisema. "Ni upasuaji mdogo. Mwambie."

Nilifungua mdomo. Baba alikuwa ananitazama, amenyoosha shingo kidogo, anangoja. Nikasema, "Tata, anasema atakata mzizi wa ugonjwa."

"Mzizi uko wapi?"

"Ndani, kwa chini."

"Atakata kwa kisu?"

"Kwa kisu. Lakini utachomwa sindano, hutasikia."

Baba akacheka kidogo. Aliposimama mbele ya kisu cha tohara, ujanani, kope zake hazikutikisika, na watu wa Itiryo walikuwa bado wanalisimulia. Leo mwanawe anamtuliza kwa habari za sindano. Daktari akaona kicheko, akaniuliza, "Amekubali?"

"Amekubali."

Muuguzi akaleta karatasi na wino. Baba akaweka dole gumba lake taratibu, akalikaza ili alama itoke vizuri, kisha akalifuta kwenye shuka. Upasuaji ulipangwa Alhamisi.

Zile siku sitazisahau. Nilizunguka ua wa hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikirudi kwa daktari nikamwambia sikutafsiri, angetafuta mtu mwingine wa Kikurya wodini, kijana wa rika langu, aje amtamkie baba mambo hayo mbele ya wagonjwa kitanda kwa kitanda. Nikinyamaza, baba angeamka Alhamisi jioni na kujipapasa. Na nikimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, basi. Nilijaribu. Jumatatu hiyohiyo jioni nilikaa kwenye kitanda chake nikaanza, "Tata, ule mzizi," naye akanitazama, nikamaliza kwa kumuuliza kama uji ulikuwa na sukari. Nilijichukia. Nilikuwa mtu mzima, mtumishi wa serikali, na nilikuwa nimebanwa pande zote na kitu ambacho hakuna mtu angekiona akipita.

Jumanne akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Alikuwa ameolewa huku huku Serengeti, kijiji cha karibu na Mugumu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ulimi usio na breki. Alileta ugali wa ulezi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Baba alipomwona akasema mke wake mdogo amechelewa, bila shaka alikuwa kwa wanaume wengine. Mpwa wangu akamjibu kwamba mume anayelazwa na mpira mguuni hana haki ya kuuliza. Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa dirishani, na pale ndipo nilipoona kwamba yuko mtu mmoja duniani anayeweza kumwambia baba.

Ila mimi na mpwa wangu nasi kuna ukuta. Yeye ni kizazi cha mtoto wangu. Nisingeweza kumtajia korodani za babu yake hata kidogo.

Alinifuata nje akaniuliza, "Mjomba, mume wangu watamfanya nini?"

Nikamkalisha kwenye benchi la saruji karibu na jiko la wauguzaji, nikaanza kumfundisha. Nilimfundisha kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Homoni, kipokezi, mgeni, kigoda. Maneno yale yalikuwa mapya, hayakuwa yamegusa mwili wa mtu yeyote, hayakuwa na babu wala baba, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ulimi wangu ukawa mwepesi. Nilimweleza kwamba ugonjwa wa babu yake una vigoda vingi mno, kwamba mgeni akiketi unanenepa, na kwamba mgeni hashikiki milele, huinuka, hivyo njia ni kuhakikisha wageni wapya hawaji. Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Alikuwa na akili. Aliishia darasa la saba kwa kukosa nafasi tu.

"Wanatengenezwa wapi hao wageni?" akauliza.

"Kiwandani."

"Na kiwanda kiko wapi, mjomba?"

Niliangalia moshi wa jiko. "Kiwanda ndicho kitakachoondolewa Alhamisi."

Akamhamishia mtoto ziwa la pili. Kisha akasema, taratibu, "Watamhasi."

"Mimi nimesema kiwanda."

"Nimekusikia. Na yeye amesikia?"

Nikatazama viatu vyangu. Akaelewa. Alinitazama kwa namna ambayo mtoto hatakiwi kumtazama mjomba wake, na nilistahili. "Ameweka dole gumba na hajui," alisema, akamfunga mtoto mgongoni, akaingia wodini. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au nilichoka tu kubeba peke yangu.

Nilisikia wakicheka. Halafu nikasikia wamenyamaza. Alipotoka hakuketi.

"Amesema nikuulize, dume likihasiwa uzeeni, linasimama na madume mengine?"

"Mwambie linasimama."

Akaenda, akarudi. "Amesema hilo ni uongo na wewe ndiye bwana mifugo." Akampandisha mtoto mgongoni. "Mjomba, anataka kurudi nyumbani. Mwaka huu ni wa tohara, na vijana wa marehemu wanasimama. Kwenye ukoo wetu mzee asiye kamili hakai na wanaobariki. Hao hawana baba, nani atawasimamia?"

Vijana wale ndugu yangu aliwaacha, na baba ndiye aliyewalea. Hilo nililijua siku zote. Nililijua pale nilipokuwa nikisema mzizi, mzizi.

Daktari aliposikia mzee amekataa alinikasirikia, na alikuwa na haki. "Jumatatu ulimwambia nini?" aliniuliza, nami nikababaika. Akanishika bega, akanirudisha kitandani. "Sasa mwambie hili, na ulitafsiri lote. Uvimbe uko kwenye mifupa ya mgongo. Ukibana uti wa mgongo, miguu itakufa, na ikifa hairudi. Asisubiri."

Nililitafsiri lote, neno kwa neno. Miguu haina ensoni. Nilimwambia baba kwamba miguu itakufa, nikarudia, nikamwomba. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mpwa wangu akamwambia, huku mimi nikiwa nimesimama hapohapo, "Mwambie mjomba wako nimechoka na maneno yake. Jumatatu alisema ni mzizi. Leo anasema ni miguu. Kesho atasema ni macho."

Kilichoniuma hakikuwa kukataa kwake. Kiliniuma kwa sababu lile la miguu lilikuwa kweli, na lilifika kwake kwa mdomo uliokwisha kuharibika.

Tukarudi Itiryo na mpira umefungwa pajani chini ya shuka. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kumwona, na kila nilipokwenda alikuwa anatembea vibaya zaidi. Kwanza alisema ni baridi. Halafu akasema ni kitanda. Usiku haukumpa usingizi, shemeji alinieleza, alikaa tu akishika mgongo. Nilimwambia turudi hospitali, akasema, "Baada ya msimu." Zizini sikuwa na amani. Nililibana dume koleo na mawazo yangu yako Itiryo, nikihesabu vigoda, nikiwaza wageni wakiingia, wakiketi, wakiinuka na wengine wakipokea nafasi, siku nzima, kila siku, na kila mmoja akitoa amri yake kabla hajaondoka. Nilikuwa na dawa mkononi kwa ng'ombe wa watu wote isipokuwa kwa baba yangu.

Msimu ulipofika, vijana walisimama mbele ya kisu na hawakutikisika. Baba alikaa na wazee wa kubariki, akiwa kamili kama ukoo ulivyotaka. Alipoinuka kuwatemea vijana baraka alishika fimbo kwa mikono miwili, na mguu wa kushoto ulikuja nyuma ukijiburuta. Watu walidhani ni uzee. Mimi nilisimama mbali, pamoja na wanaume wa rika langu, nikaimba walichoimba.

Vijana walipopona na kurudi shule ya bweni, baba alimtuma shemeji aniite. Nilipofika alisema neno moja tu, "Twende." Nilimbeba mpaka kwenye gari, maana mguu wa pili nao ulikuwa umeshaanza.

Daktari hakunilaumu tena. Alimpasua siku iliyofuata. Na yale yaliyosemwa na mwalimu wetu, na yeye mwenyewe, yalitimia, tena upesi kuliko kwa ng'ombe: baada ya siku chache maumivu ya mgongo yalipungua, yakapungua tena, na asubuhi moja baba akaomba nyama. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na wageni walikuwa wameisha. Akalala usiku kucha. Ningefurahi, lakini daktari alimkuna nyayo kwa ncha ya kalamu, akamchoma kidogo kwa pini, na baba hakujua kama ameguswa.

Nilimleta nyumbani kwangu Serengeti, karibu na hospitali. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimetoka mtegoni, nilikuwa nimehamia chumba kingine. Mtu asiye na miguu lazima ageuzwe, afutwe, aoshwe. Mke wangu asingeweza kumgusa baba mkwe wake. Dada yangu asingeweza. Wajukuu waliotahiriwa walikuwa bweni, na watoto wangu walikuwa wadogo, wasingeweza kumwinua. Mpwa wangu alikuja alipoweza, lakini alikuwa na mume, watoto na zamu zake za shamba la kijiji. Kwa siku mbili za mwanzo tulimfuta uso na mikono tu, na mimi nikajitia sinusi harufu.

Siku ya tatu niliweka beseni chini, nikachukua kipande cha sabuni ya ushirika, nikafunga mlango. Baba alikuwa amelala chali anaangalia bati. Nilimfunua shuka nikiwa nimegeuza uso, nikapitisha mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya magoti, nikafumba macho, nikainua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilipiga hatua moja kuelekea kwenye beseni, nikapapasa kwa mguu, sikulipata, na nikahisi anateleza mkononi mwangu. Akanishika shingo.

"Usifumbe macho," alisema. "Utaniangusha."